Ngeli za Hatari: Uainishaji wa Mahali pa Kazi Kuanzia Musoma Hadi Butiama

1. Utangulizi

Wahenga walisema ajali haina kinga. Bunge likaja likapitisha Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ikamtaka mwajiri atoe vifaa kinga. Katikati ya kauli hizo mbili ndipo ninapopatia ugali wangu. Mimi ni mshauri wa usalama na afya mahali pa kazi. Ofisi yangu ni chumba kimoja Nyasho, mjini Musoma, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na kazi yangu, ukiitazama bila kuipaka rangi, ni kulipwa ili nibishane na methali.

Methali imenizidi kete. Haitoi ankara, haivai koti la kung'aa, na kila mtu ameijua tangu darasa la tatu.

Utafiti huu ulianza na sentensi ya maneno mawili. Niliikuta kwenye daftari la ajali la mashine moja ya kusaga na kukoboa huko Bunda. Jina la mashine tuliache. Daftari lenyewe lilikuwa kaunta buku. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarehe, na chini yake: "Kidole kimekatika." Basi. Kurasa zilizofuata zote zilikuwa na hesabu za watu wanaodaiwa pumba.

Nilikaa na sentensi ile muda mrefu. Kidole cha nani? Kimekatwa na nini, na kwa sababu gani? Aliyehusika katoroka kwenye sentensi kama deiwaka aliyemwona trafiki. Nikatambua kwamba jibu halimo katika vitabu vya usalama. Limo katika sarufi.

Vitabu tulivyosomeshwa huvigawa vihatarishi mafungu matano: vya kifizikia, vya kikemia, vya kibayolojia, vya mkao wa mwili na vya kisaikolojia. Ni mgawanyo mzuri, ila sijapata kumsikia mtu wa Mara akilalamika kwamba ameguswa na kihatarishi cha kifizikia. Husema, "Kazi ndivyo zilivyo," akafunga kidonda kwa kitambaa na kuendelea. Ndiyo maana napendekeza tuache mafungu matano ya wageni na kurudi kwenye mafungu yetu. Mswahili hawezi kutaja kitu chochote bila kwanza kukiweka katika ngeli. Alichokipanga kwa ulimi, tuone kama kinapangika kwa kofia ngumu.

2. Mbinu za utafiti

Mwaka 1700 daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi. Humo aliwashauri madaktari wenzake wamwongezee mgonjwa swali moja: unafanya kazi gani? Nililibeba swali hilo kwa hiace kutoka Musoma hadi Bunda, na kwa pikipiki hadi Butiama na Buhemba. Jibu nililopata mara nyingi ni hili: "Kazi gani, mura? Tunahangaika tu." Jibu hili lina uzito wa kisheria. Anayehangaika hana mahali pa kazi, na asiye na mahali pa kazi hawezi kuumia kazini.

Kuhusu sampuli, ilikuwa inapungua kila nilipofungua begi. Mtu mwenye kalamu, ubao wa kuandikia na koti la njano hudhaniwa ametoka TRA kudai kodi, ama OSHA kukagua usalama, ama anagombea udiwani. Kwa sababu hiyo data nyingi zilikusanywa kwa kukaa kwenye benchi, kunywa chai na kujifanya nasubiri mtu mwingine.

3. Ngeli ya A-WA: watu

Hii ni ngeli ya viumbe hai, na masharti ya kubaki ndani yake ni kubaki hai. Nimetambua humo spishi nne.

Spishi ya kwanza ni bosi, mwenye namna tatu. Kuna Bosi wa Mungu Yupo, ambaye kipimo chake cha usalama ni maiti: "Mtaalamu, tangu nifungue hapa hajafa mtu." Vidole havihesabiwi, macho hayahesabiwi, vifua havihesabiwi. Kuna Bosi wa Cheti, ambaye swali lake la kwanza na la mwisho ni siku ngapi cheti kitatoka, na fremu amekwisha kuinunua. Na kuna Bosi wa Ukaguzi, ambaye siku ya wakaguzi huwavalisha watu wake helmeti mpya zikiwa bado zina nailoni. Huyu wa tatu ndiye anayenipa matumaini. Nailoni ni ushahidi kwamba alau alifika dukani.

Spishi ya pili ni msimamizi. Hana mali, hana hisa, ila ana rundo la funguo kiunoni. Tutarudi kwake.

Spishi ya tatu inahitaji utulivu wa kitaaluma, kwa sababu imewasumbua wanasarufi na wenye viwanda vilevile. Ni kibarua. Kwa umbo lake, kibarua anakaa ngeli ya KI-VI pamoja na kiti, kisu na kijiko. Kwa upatanisho, yumo A-WA: twasema kibarua amekuja, hatusemi kibarua kimekuja. Hata asili ya neno ni ya kitu: ki-barua, ile karatasi ndogo aliyopewa mtu wa kutwa ili ihesabiwe kazi yake. Karatasi ikapotea, jina likabaki kwa mwenye mikono.

Sarufi imekwisha kuamua, basi: kibarua ni mtu. Mwajiri bado hajaamua. Nanukuu mazungumzo yangu na mzee mmoja mwenye karakana:

"Shikamoo, Mzee. Una wafanyakazi wangapi?"

"Marahaba. Wanne."

Nikahesabu vichwa. Kumi na mmoja.

"Na hawa saba?"

"Hao? Hao vibarua."

Msomaji aelewe kwamba sheria inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya kutoka miongoni mwao. Katika matembezi yangu nimegundua kwamba nne ndiyo idadi ya wafanyakazi inayopendwa kuliko zote mkoani Mara. Haizidi, haipungui. Mtu wa tano akiajiriwa, hupoteza upatanisho wake palepale na kurudi kwenye ngeli ya vijiko.

Mkoa huu ndio uliomtoa Mwalimu Nyerere. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi, dharau na ukandamizaji, na wafanyakazi wa viwanda wakaishika ibara hiyo wakawafungia mageti mameneja waliowatukana. Siku hizi mageti hufungwa kutoka upande wa pili. Lakini nikiwa pale Mwitongo, Butiama, kwenye majabali na kaburi lake, huwa najiuliza Mwalimu angesemaje juu ya hesabu ya watu inayoishia nne.

Spishi ya nne ni mshauri. Hula kwa wote, hasikilizwi na yeyote, na hutoza nauli. Kwa uaminifu wa kisayansi nitaje kielelezo nilichokichunguza kwa karibu kuliko vyote: mimi. Siku niliyokwenda Buhemba kuwafundisha watu vifaa kinga, nilipanda bodaboda mshikaki, watu watatu, begi la helmeti za mfano likiwa mapajani mwangu. Helmeti tatu ndani ya begi, vichwa vitatu nje. Dereva alikuwa na ya nne, kaitundika kwenye kioo cha pembeni, akaivaa mita hamsini kabla ya trafiki na kuivua mita hamsini baada yake. Helmeti ile haikuwa kinga ya lami. Ilikuwa kinga ya faini.

4. Ngeli ya U-I: mtumbwi, mwalo, mkanda, mtungi, moto

Hii ni ngeli ya miti na vitu vinavyosambaa. Moto ukianza ni mmoja, ukiachwa ni mioto.

Pale Mwigobero, ziwa linapoingia mjini, mtumbwi hupakiwa mpaka maji yawe kiganja kimoja chini ya ukingo. Niliona maboya. Sitasema hayakuwepo. Yalikuwa yamekaliwa. Boya ni laini, ubao wa mtumbwi ni mgumu, na safari ni ndefu. Mtu akichagua kati ya kuzama siku asiyoijua na kuumia makalio leo, huchagua makalio. Nilimwambia nahodha boya huvaliwa. Akanitazama kama mtu anayefundishwa kula. "Mzee, abiria akivaa si atakuwa ameniambia tunazama?"

Hapo mzaha ukome kidogo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kilichobeba jina la mwana wa Butiama, MV Nyerere, kilipinduka jirani na Ukara. Kilitengenezwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Idadi ya kibao na idadi ya watu ni hesabu ya darasa la kwanza, na ndiyo hesabu inayoua katika ziwa hili.

Mtungi wa kuzimia moto nao umo humu. Matumizi yake yaliyothibitishwa ni mawili: kuzuia mlango usipigwe na upepo, na kutundikiwa kofia.

5. Ngeli ya KI-VI: kifaa, kibao, cheti, kikao, kikohozi

KI-VI ni ngeli ya vitu, lakini pia ni ngeli ya kudogosha. Mtoto akiwa mdogo ni kitoto, mlima ukiwa mdogo ni kilima. Tabia hii ina madhara ya kiafya, kwa maana hatari ikiingia humu hupungua ukubwa mdomoni bila kupungua mwilini.

Chukua kikohozi. Bunda ni nchi ya pamba. Msimu ukifunguliwa magari hufurika, vinu vya kuchambulia huunguruma, na nyuzi nyepesi huelea hewani kama ukungu wenye nywele. Mtu aliyepumua vumbi hilo miaka hufika mahali kifua kikambana kila anapoanza wiki. Mwishoni mwa wiki hupumzika, kifua hufunguka. Jumatatu akirudi, hubana tena. Waganga wa kazi wameujua ugonjwa huu tangu zamani, na jina lake la mtaani huko Ulaya lilikuwa homa ya Jumatatu. Nilimweleza mzee mmoja mpakia marobota. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, homa ya Jumatatu kila mtu anayo. Inaitwa kazi."

Hukumu ya ngeli hii: kikohozi cha miaka sita si ki- tena. Kimekuwa kitu kikubwa, ila kiambishi bado kinakisitiri.

Vibao vimo humu pia. Kibao kina maana mbili katika lugha yetu, na kile kinachotundikwa ukutani kazi yake ni kukuepusha na kile kinachopigwa na mashine shavuni. Kwa bahati mbaya vingi nilivyoviona vilikuwa vya Kiingereza, vimetundikwa mbele ya watu wanaosoma Kiswahili, Kijita, Kizanaki na uso wa msimamizi.

Na vifaa kinga vyenyewe: buti, glovu, barakoa, miwani. Hapa lazima nimwudhi kila muuzaji. Taaluma yetu ina ngazi tano za kumdhibiti mnyama aitwaye hatari. Kwanza mwondoe. Ukishindwa, mbadilishe kwa mnyama mpole. Ukishindwa, mjengee zizi. Ukishindwa, waambie watu wapishane naye kwa zamu. Ukishindwa yote hayo, ndipo umvalishe mtu koti nene na kumwombea. Vifaa kinga ni ngazi ya mwisho. Mkoani kwetu ngazi imesimamishwa kichwa chini: tunaanza na koti, na tukikosa hela ya koti tunaanza na maombi.

6. Ngeli ya LI-YA: duara, karasha, jeraha

LI-YA ni ngeli ya ukuzaji: joka, jitu, jumba. Vitu vya ngeli hii vikikuangukia hulazimiki kuuliza ukubwa wake.

Buhemba, wilayani Butiama, dhahabu imechimbwa tangu enzi za mkoloni. Kampuni zimekuja zikaondoka. Wachimbaji wadogo wamebaki na maduara yao, mashimo yanayoshuka wima na kushikiliwa na matimba. Mawe yakipanda juu huenda kwenye karasha, yanasagwa, na vumbi jeupe linakaa juu ya nyusi, juu ya kope, juu ya sahani ya wali. Vumbi la mwamba wa namna hiyo lina silika. Likiingia ndani ya pafu huacha kovu, na pafu lenye makovu ni nyumba isiyo na mlango kwa kifua kikuu. Mwaga maji wakati wa kusaga, vumbi linalala. Ni ndoo moja ya maji. Lakini maji nayo yana kazi nyingine pale: kuosha mchanga kwenye mwalo, ule ubao ulioinama uliotandikwa gunia. Zingatia kwamba neno ni lilelile la mwalo wa samaki. Kwa mtu wa Mara riziki huoshwa mwaloni, iwe ya mapezi au ya mawe.

Nilikaa na kijana mmoja wakati anakamatisha. Mchanga mzito uliobaki ulikuwa kwenye karai. Akamimina zebaki kisoda kimoja, ule mfuniko wa chupa ya soda, kwa uangalifu wa mama anayepima dawa ya mtoto. Akaingiza mkono mtupu mpaka kifundoni, akaanza kukanda. Zebaki ilikimbia mbele ya vidole vyake, ikagawanyika, ikaungana, ikala dhahabu. Akaikusanya, akaikamua ndani ya kitambaa, ikabaki gololi ya kijivu, ndogo kuliko harage. Akaiweka juu ya kifuniko cha mkebe, juu ya mkaa, akapuliza. Nilikuwa nimekaa upande wa upepo unakotoka, kwa elimu. Mama wa uji alikuwa upande unakoelekea, kwa biashara.

"Hiyo inaingia mwilini, mwanangu."

"Inaingilia wapi, mzee? Mbona haina harufu?"

"Ndiyo hatari yake. Huioni, huinusi. Inakwenda kwenye fahamu na kwenye figo. Mikono inakuja kutetemeka."

"Haionekani, hainuki, haiumi." Akapuliza tena. "Mzee, hiyo si sumu. Hiyo mizimu."

Nikatoa glovu kwenye begi, jozi mpya. Akazivaa kwa adabu, akazivua.

"Hazisikii, mzee. Dhahabu inataka kidole."

Hapo nilishindwa hoja. Aliongea kama fundi: vidole vyake ndivyo vilivyokuwa mizani yake. Nikabadili somo. Nikamwambia kuna chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba. Ukichomea humo, moshi hauendi kwa mama wa uji, unapita kwenye bomba, unapoa, unarudi kuwa zebaki, unaitumia tena. Akaacha kupuliza.

"Ileile?"

"Ileile."

"Kwa hiyo kila siku nachoma hela?"

Kimya. Kisha: "Mzee, ungeanza na hapo."

Tanzania iliuridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020. Ni mkataba mzuri wenye vifungu vingi. Pale kwenye karai la Buhemba kilichofanya kazi kilikuwa kifungu kimoja ambacho hakikuandikwa: usimwambie mtu atakufa, mwambie anapata hasara.

7. Ngeli ya I-ZI: ajali

Tumefika kwenye neno lenyewe. Ajali ni nomino ya I-ZI, na nomino za namna hii hazibadiliki umbo katika wingi. Ajali moja ni ajali. Ajali kumi ni ajali. Hakuna neno lililowafaa waandika ripoti kuliko hili. "Mwaka huu tumekuwa na ajali," bosi huniambia, na macho yake husema moja na mfuko wa bandeji husema tisa.

Asili yake ni ya kuogopesha zaidi. Katika Kiarabu ajal ni muda uliowekwa, hasa siku ya mtu kufa. Kumbe tangu lilipopanda jahazi neno hili halikuwa na maana ya kosa la mashine. Lilikuwa na maana ya miadi. Mtu akisema ajali haina kinga, kwa neno la kale anasema kweli tupu: siku iliyopangwa haizuiliki. Kosa letu ni kumpa mkanda usio na kava heshima ya malaika wa mauti.

Na neno hili limetuibia kitu kingine: limefanya tutazame damu peke yake. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi, na katika hao ajali huua takriban 330,000. Waliobaki, kama milioni 2.6, huuawa na maradhi ya kazini. Kwa kila anayeanguka kutoka juu, kuna karibu wanane wanaokohoa, wanaotetemeka, wanaonyauka polepole nyumbani, na msibani husemwa aliugua tu.

Lakini wahenga hawakuacha methali moja. Walisema pia kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na kinga hapo ni kijinga cha moto. Kimoja pekee huzimika. Ni funzo linalofaa kila kamati ya usalama: mtu mmoja mwenye helmeti ni kichekesho cha kijiwe, watu kumi wenye helmeti ni kazi.

8. Ngeli ya U, na ndugu yake U-ZI

U ni ngeli ya mambo yasiyoshikika: usalama, ushauri, uzoefu, uzembe. Mengi hayana wingi. Hakuna masalama. Usalama upo au haupo, haukatwi vipande. Nusu ya ngazi si ngazi.

Uzoefu ni mnyama mjanja wa ngeli hii. "Nina uzoefu wa miaka 20" humaanisha ama mtu amejifunza miaka 20, ama amebahatika miaka 20. Kwa nje hufanana.

Katika U-ZI nomino hupata wingi: ufa ni nyufa, ukuta ni kuta, ufunguo ni funguo. Wahenga walipotuambia usipoziba ufa utajenga ukuta, walichagua maneno mawili ya ngeli moja, kana kwamba walijua moja litageuka lingine. Neno la tatu hawakulitaja, nami nalitaja: ufunguo. Katika kila eneo nililokagua, vifaa vizima, makava, mikanda ya kupandia juu na sanduku la huduma ya kwanza vilikuwepo. Vilikuwa stoo, na stoo ilikuwa imefungwa.

9. Ngeli ya PA-KU-MU: mahali

Mahali ni nomino ya peke yake. Ngeli nzima, na mpangaji mmoja. Na ndiyo nomino iliyochaguliwa kubeba jina la sheria, na jina la Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ile OSHA. PA ni mahali dhahiri, KU ni huko kusikojulikana mipaka, MU ni ndani.

Sheria inapenda PA: geti, ukuta, kibao chenye jina. Mkoa wa Mara unafanya kazi KU. Akina mama wanaoanika dagaa ufukweni, mgongo umepinda na jua liko utosini, wanafanya kazi wapi? Huko. Mvuvi wa usiku? Huko majini. Mama wa uji aliyekaa upande wa moshi? Hapo tu pembeni. Na mchimbaji yumo MU, mita nyingi chini, ambako mkaguzi mwenye viatu vyeusi hashuki.

Mwezi Juni mwaka 2022 mataifa yaliyokutana chini ya Shirika la Kazi Duniani yaliyaweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Haki hiyo haikuwekewa kiambishi cha geti.

10. Nyongeza: kauli za vitenzi

Nomino peke yake haziui, zinahitaji kitenzi. Kitenzi cha Kiswahili kina kauli nyingi, na katika ripoti nilizosoma ilitawala moja: kutendeka. Kidole kimekatika. Mguu umevunjika. Waya umechomoka. Ukizisoma ripoti hizo mfululizo utadhani viungo vya watu wa Mara hutengana na mwili kwa hiari yao, kama majani ya mwembe.

Kauli ya pili kwa umaarufu ni kupata: amepata ajali, kama anavyopata mshahara, ila hii hufika kwa wakati.

Kuna hali moja tu ambapo mtendaji hurudi kwenye sentensi, nayo ni pale mwenye kuumia anapotakiwa kubeba lawama. Hapo sarufi hubadilika ghafla: "Alizembea." Kauli ya kutenda, nafsi ya tatu umoja, wakati uliopita, bila kigugumizi. Mashine haina mwenyewe, kava halina mwenyewe, saa za ziada hazina mwenyewe. Uzembe una jina na namba ya simu.

11. Hitimisho na mapendekezo

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kibarua ahesabiwe kwa upatanisho wake, siyo kwa kiambishi chake. Pili, kila ripoti ya ajali iandikwe kwa kauli ya kutenda, kila kitenzi kiwe na mwenyewe, kuanzia siku ya kwanza kosa lilipoingia mpaka damu ilipotoka.

Pendekezo la pili nimelijaribu. Nilirudi Bunda kwenye ile mashine ya kusaga, nikamwomba mwenyewe afungue kaunta buku na kuandika sentensi yake upya. Alikuna kichwa, akaandika, akafuta, akaandika. Ilichukua muda kuliko kusaga debe tatu. Mwisho alinigeuzia daftari nisome:

"Jumanne fundi alifungua kava la mkanda apake grisi. Msimamizi alilifungia kava stoo lisiibiwe. Mimi nilisema tusage mahindi ya watu kwanza, kava tutafunga baadaye. Ijumaa kijana alikuwa anafagia pumba chini ya mkanda. Mkanda ukamkata kidole."

Aliisoma tena mwenyewe, midomo ikitembea. Kisha akamwomba msimamizi ufunguo, akaenda stoo. Kava lilifungwa kwa nati nne.